Naomba ushauri: picha ya babu haienei fremu ya inchi 20 kwa 30

Ndugu zangu, assalaam alaykum. Niko Wete, Pemba, na naomba msaada kuhusu picha ya marehemu babu yangu, ya pekee tuliyonayo akiwa amekaa mbele ya jamvi la karafuu, ambayo familia inataka kuitundika ukumbini katika fremu ya inchi 20 kwa 30 iliyokwisha kununuliwa.

Picha ilipigwa kwa simu na ina pikseli 4000 kwa 3000, yaani uwiano wa 4 kwa 3, ilhali fremu ni 3 kwa 2. Nikiikata ienee, hubaki pikseli 4000 kwa 2667, na zile 333 zinazoondoka huchukua ama kofia yake juu ama karafuu chini, nami siko radhi kupoteza hata kimoja, kwani karafuu ndizo zilizotulea sote. Nilijaribu kuivuta kwa upana bila ya kukata. Uso ukawa mpana, si wake tena. Nakala niliyoituma studio kwa simu ilifika na pikseli 1600 kwa 1200 tu, kwa hiyo faili asili nitaipeleka mwenyewe kwa flashi.

Je, niiache picha nzima na kubakisha ukingo mweupe wa takriban inchi 1.7 kila upande, au kuna njia bora zaidi? Na kwa kuwa hapo nitapata pikseli 150 tu kwa inchi, badala ya 300 zinazopendekezwa, je, zitatosha kwa picha itakayotazamwa kutoka mita mbili?

Nitashukuru sana.