Mjadala: Kwa nini wa Ukraine aachiwe aseme na wa Gaza afungwe mdomo?

MKUNAZINI
Assalaam alaykum jamaa. Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, walilegeza kanuni zao kwa muda. Watu wa nchi kadhaa za huko wakaruhusiwa kuandika Facebook na Instagram maneno ya kuwatakia mauti wanajeshi wa Urusi, na kampuni yenyewe ilikiri. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Gaza. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch likakusanya kesi zaidi ya 1,000 za watu waliofutiwa au kufichiwa walichoandika kuhusu Palestina, Oktoba na Novemba 2023 tu, na karibu zote zilikuwa maneno ya amani. Ufaransa nayo, ambako Januari 2015 viongozi wa dunia walishikana mikono Paris kutetea uhuru baada ya kuuawa wachora katuni wa gazeti la Charlie Hebdo, Oktoba 2023 waziri wake wa mambo ya ndani aliagiza maandamano ya kuiunga mkono Palestina yapigwe marufuku. Uhuru huu wa nani?

MWALIMU WA CHAKE
Ya Ufaransa imalize. Mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ilisema mwezi ule ule kuwa haifai kuzuia kwa jumla, kila maandamano yatazamwe peke yake. Ukileta nusu ya habari, mwenzako ataishika hiyo nusu uliyoiacha na hoja yako nzuri itakufa.

BI SHUMBA
Mie na Palestina sianzi leo. Lakini tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas walipoishambulia Israel, nimeona kwa macho yangu watu wa hapa hapa kwetu wanapongezana kwenye simu, na siku ile waliuawa watu kama 1,200, wengi wao raia. Kulikuwa na vijana wawili wa Kitanzania kule wamekwenda kujifunza kilimo. Wameuawa. Mmoja mwili wake umerejeshwa Novemba 2025, miaka miwili mama yake anasubiri cha kuzika. Nani humu aliweka picha yake? Tukiomba tusikilizwe tulie, na sisi tuwe na machozi ya watoto wetu.

KIJANA WA WETE
Bi Shumba, kwa heshima zote, hapo unatubebesha mzigo wa watu wengine. Gaza wamekufa makumi ya maelfu, watoto hawana hesabu. Kila akitajwa mtoto wa Gaza lazima kwanza tuombe radhi kwa jambo tusilolifanya?

BI SHUMBA
Sikukwambia uombe radhi, mwanangu. Nimeuliza picha.

NG'AMBO HALISI
Nyinyi mnaomlaumu Mfaransa, mngepewa nchi mngemwachia nani aseme? Mkuki kwa nguruwe. Mei 2012 makanisa yalichomwa hapa Unguja, Oktoba askari polisi akakatwa mapanga akafa Bububu. Mihadhara ya Uamsho, ile jumuiya ya masheikh, ndiyo iliyowasha moto ule. Dola yoyote ingewafunga mdomo.

KIJANA WA WETE
Ushahidi uko wapi? Wale masheikh walipelekwa bara, wakashitakiwa ugaidi, wakawekwa mahabusu miaka na miaka, na Juni 2021 mwendesha mashtaka akaifuta kesi. Hakuna hakimu aliyewatia hatiani. Watoto wao wamekua bila baba. Leo wewe unakuja kuwahukumu kwa mistari mitatu. Na madai yao yalikuwa kura ya maoni juu ya Muungano, jambo ambalo kila baraza la kahawa Mjini linalisema. Mbona ubao wa Kisonge, maskani ya CCM pale Michenzani, uliandikwa matusi miaka yote, kila apitaye na daladala anausoma, na hakuna aliyeitwa polisi?

NG'AMBO HALISI
Kisonge usiiguse. Ile ni maskani ya watu wenye historia yao katika nchi hii.

KIJANA WA WETE
Historia ndiyo ruhusa ya kuwatukana wenzio rangi? Sherehe za Mapinduzi Januari 2016, Uwanja wa Amaan, bango la kuwaambia machotara kuwa Zanzibar ni nchi ya Waafrika lilipitishwa mbele ya viongozi. Lingekuwa mikononi mwa kijana wa Pemba angelala ndani siku ile ile.

NG'AMBO HALISI
CCM waliomba radhi kwa bango lile, hadharani. Nyinyi mmeomba radhi lini kwa padri aliyepigwa risasi Mtoni Februari 2013, Jumapili asubuhi anakwenda kusalisha? Na kwa sheikh wa Ofisi ya Mufti aliyemwagiwa tindikali Novemba 2012?

KIJANA WA WETE
"Nyinyi" ni nani? Unanijua? Nimemmwagia nani tindikali? Hiyo ndiyo tabia yenyewe, akifanya mmoja tumefanya sote.

MGENI WA BUBUBU
Naomba niseme, maana nilikuwepo. Mimi Mkristo, nimezaliwa Tanga, maisha yangu yako Unguja. Baada ya padri kuuawa tulikwenda kusali tukihesabiana. Jirani yangu, mama wa Kiislamu mtu mzima, kila Jumapili alitoa mkeka barazani, akakaa na ungo wake anachambua mchele, na hanyanyuki mpaka atuone tumerudi sote na watoto. Hakuwahi kusema kwa nini. Kwa hiyo mtu asiniambie Waislamu wa Unguja ni wabaya. Lakini ile mihadhara niliisikia kwa spika kutoka chumbani kwangu. Kulikuwa na mambo ya Muungano, sawa, na kulikuwa na maneno juu yetu sisi, juu ya makanisa na watu wa bara, ambayo mwanangu aliniuliza maana yake na nikashindwa kumjibu. Kijana, hayo nayo ni uhuru?

KIJANA WA WETE
Pole, dada, kweli. Lakini uliisikiliza yote au vipande? Mimi nimesoma na watoto wa wale masheikh.

MGENI WA BUBUBU
Nimekuuliza swali, umenijibu kwa kuniuliza nilisikiliza kiasi gani.

MWALIMU WA CHAKE
Tumeacha Meta tumefika Mtoni, na pengine ndipo palipotakiwa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni ya 2002, ya Makosa ya Mtandao ni ya 2015, na 2018 zikaja kanuni za kumtaka hata mwenye blogu alipie leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Kila moja ilipopita tuliambiwa ni ya kuwashughulikia wabaya. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mkunazini analalamika Meta wamefuta posti. Sisi tumefutiwa njia yenyewe, mzazi hajui mwanawe aliyeko Dar yuhai au kafa.

NG'AMBO HALISI
Ilizimwa kulinda roho za watu. Uongo wa mtandaoni unaua. Na 2001 hapakuwa na intaneti, fujo zilikuwepo.

BI SHUMBA
Fujo? Usinitajie 2001 kwa neno hilo. Tume ya serikali yenyewe ilihesabu maiti 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35. Watu walitoka kuandamana kudai uchaguzi urudiwe wakapigwa risasi, Wete, Micheweni, Chake, na Unguja pia. Zaidi ya 2,000 wakakimbilia Kenya. Sisi tulivuka na mashua usiku kwenda Shimoni. Nahodha alikataza watoto kulia, mama amemziba mdomo mdogo wangu kwa kanga iliyorowa maji ya chumvi, mpaka alfajiri alipomwachia, midomo imepasuka. Ulimwengu uliandika siku mbili ukatusahau. Kwa hiyo Gaza sihitaji kufundishwa, na Ukraine sihitaji kufundishwa.

NG'AMBO HALISI
Bi mkubwa, nimekusikia. Neno "fujo" naliondoa. La mihadhara siliondoi.

MKUNAZINI
Jamaa, suali langu lilikuwa la Meta.

MGENI WA BUBUBU
Basi na mimi niulize. Oktoba 2020 wenye silaha wa Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka mto Ruvuma wakaua watu Kitaya, Mtwara. Machi 2021 wakaingia mji wa Palma, huko huko Msumbiji. Wengi wanaokufa kule ni Waislamu, wanauawa na watu wanaodai kuupigania Uislamu. El Fasher, Sudan, ilipotekwa Oktoba 2025, waliochinjwa ni Waislamu. Humu nimeona bendera ya Palestina tu.

KIJANA WA WETE
Palestina ina miaka zaidi ya 70, na silaha zinazowaua zinatoka kwa wale wale wanaotufundisha haki za binadamu. Sudan inaniuma. Lakini huwezi kunipangia nianze na maiti gani.

BI SHUMBA
Hakuna anayekupangia. Dada kakuuliza la spika tangu mchana, mjibu.

KIJANA WA WETE
Haya. Aliyesema makanisa yachomwe, kama yupo, ashitakiwe kwa neno lake, mahakamani, kwa jina lake, si kwa miaka ya mahabusu. Na aliyeandika machotara ubaoni naye vivyo hivyo. Ng'ambo, umekubali hapo?

NG'AMBO HALISI
La mihadhara nimekubali.

KIJANA WA WETE
Nimekuuliza yote mawili.