Mjadala: Je, makanisa yabadili mafundisho yake kwa sababu nyakati zimebadilika?

Ndugu wachangiaji, swali lililo mbele yetu ni kama makanisa ya Kikristo yanapaswa kubadili mafundisho yake ili yaendane na nyakati, na hadi sasa hoja mbili ndizo zilizotawala. Ya kwanza, ya ndugu aliyefungua mjadala kwa aya ya nabii Malaki, inasema kwamba Mungu hana kigeuzi, kwa hiyo kanisa lake nalo halina ruhusa ya kugeuza lolote lililokwisha kufundishwa. Ya pili inasema kwamba kanisa lisipokwenda na wakati litabaki majengo matupu. Mimi ni Mkristo, nimewafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka kadhaa, na nakiri kwamba hoja zote mbili zinanisumbua, kwa sababu ya kwanza haikubaliani na yaliyotokea, na ya pili inaweza kutumiwa kuhalalisha karibu kila kitu.

Nianze na riba, kwa kuwa hapo jambo hili linaonekana waziwazi bila hasira za siku hizi kutuziba macho. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa tatu wa Laterano, Roma, mwaka 1179, uliamuru kwamba watu wanaojulikana hadharani kuwa wanakopesha kwa riba wasipewe komunyo, na wakifa katika dhambi hiyo wasizikwe kikristo. Mtaguso wa Vienne, Ufaransa, wa mwaka 1311 hadi 1312 ulikwenda mbali zaidi, ukasema kwamba mtu anayeshikilia kwa ukaidi kuwa kutoza riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi, yaani mpotoshaji wa imani. Hayo hayakuwa maoni ya padre mmoja mkali. Yalikuwa maamuzi ya maaskofu waliokutana na Papa wao, na mtu wa kawaida aliyapokea kama sauti ya kanisa. Leo mweka hazina anasimama mbele ya waumini siku ya Jumapili na kusoma taarifa ya mwaka: sadaka kiasi hiki, michango ya ujenzi kiasi hiki, riba ya akaunti ya akiba kiasi hiki. Hakuna anayeshtuka, na padre anashukuru. Sheria za Kanisa Katoliki zilizotangazwa mwaka 1917 zilikwisha kukubali riba ya halali isiyozidi kiasi.

Wapo watakaosema kwamba fundisho halikubadilika, bali fedha ndiyo iliyobadilika, na hoja hiyo naipa uzito. Torati inapokataza riba katika Kutoka 22, inamtaja maskini anayekopeshwa, yaani mtu mwenye njaa ambaye shida yake inageuzwa kuwa mtaji wa mwenzake. Fedha ilipoanza kuwa nyenzo ya biashara kubwa, ikawa inazaa kwa mkopaji na kwa mkopeshaji vilevile, na wanateolojia wakalazimika kutenganisha kumnyonya mwenye shida na kugawana faida na mfanyabiashara. Kiini, ambacho ni kumlinda maskini, kilibaki. Hata hivyo mtu aliyesimama kwenye mtaguso wa Vienne na kusema maneno yanayosemwa leo na kila mchumi Mkristo angeitwa mzushi, na tusipolisema hilo wazi tunawadanganya waumini wetu. Vincent wa Lérins, mtawa wa karne ya 5, alifananisha mafundisho na mwili wa mtoto unaokua hadi kuwa mtu mzima, viungo vikiwa ni vilevile ingawa vimenenepa na kurefuka. Naona mfano huo unatosha kwa riba.

Kwa utumwa hautoshi kabisa. Mwaka 1455 Papa Nikolasi V alimpa mfalme wa Ureno idhini, kwa maandishi, ya kuwatia watu wasio Wakristo katika utumwa wa daima. Mwaka 1839 Papa Gregori XVI alilaani biashara ya watumwa na kuwakataza Wakristo kushiriki. Nchini Marekani, Wabaptisti wa majimbo ya kusini walijitenga mwaka 1845 na kuunda umoja wao kwa sababu walitaka wamiliki wa watumwa waruhusiwe kuwa wamisionari, na wahubiri wao walikuwa na aya mkononi, ile ya Waefeso 6 inayowaambia watumwa wawatii mabwana zao. Umoja huohuo uliomba radhi mwaka 1995, miaka 150 baadaye. Hapo hakuna mtoto aliyekua. Kuna watu waliokosea, wakawaumiza wengine huku wakilitaja jina la Bwana, na baadaye watoto wa watoto wao wakatubu. Ndugu anayeandika kwamba kanisa halijawahi kubadilika anatakiwa atueleze toba ile ilikuwa ya nini.

Hata hivyo sitaki wanaoitetea hoja ya wakati wanipigie makofi mapema. Mwaka 1933 nchini Ujerumani kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani lilidai kanisa lilingane na zama mpya za utawala wa Wanazi, na sinodi (mkutano mkuu) ya kanisa la Kiprotestanti la Prussia ikapitisha sheria ya kuwaondoa wachungaji wenye asili ya Kiyahudi, watu waliobatizwa na kuwekewa mikono kama wenzao. Huko ndiko kwenda na wakati. Waliokataa walikutana katika mji wa Barmen, Mei 1934, wakatamka kwamba Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia, na kwamba kanisa halina ruhusa ya kuuacha ujumbe wake ubadilishwe na mawazo ya kisiasa yanayotawala kwa wakati huo. Mwaka 1857 sinodi ya kanisa la Wareformati wa Kidachi kule Afrika Kusini ilikubali, kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya waumini weupe, kwamba waumini weusi wanaweza kusali mahali pao pa peke yao. Udhaifu huo wa baadhi ndio uliokuwa wakati wa siku zile, na kanisa lililouhurumia liliishia kuutafutia ubaguzi wa rangi maandiko ya kuutetea.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba nyakati zina haki ya kuliuliza kanisa swali, lakini hazina haki ya kuliandikia jibu. Jibu linatakiwa litoke ndani, kwa njia tunayoiona katika Matendo 15. Swali la tohara halikuletwa na Maandiko, kwani Maandiko waliyokuwa nayo yalikuwa wazi. Lililetwa na watu wa mataifa waliokwisha kumpokea Roho Mtakatifu kabla ya kanuni kuwaruhusu. Petro alisimama akauliza kwa nini waweke shingoni mwa wanafunzi kongwa ambalo wao wenyewe na baba zao hawakuweza kulibeba. Yakobo akarudi kwa manabii, akaonyesha kwamba jambo hilo lilikuwa limetabiriwa. Walibishana sana, kwa maneno ya Luka mwenyewe, kisha wakaandika barua fupi yenye makatazo machache, likiwamo la kutokula damu, ambalo makanisa mengi ya magharibi yaliacha kulifuata.

Njia hiyo ilionekana tena katika suala la ndoa za mitara. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana uliofanyika Lambeth mwaka 1888 uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Mara nyingi sharti la kuokoka likawa ni kuwafukuza wake na kubaki na mmoja, na mke aliyefukuzwa pamoja na watoto wake wakawa ndio wanaolipia usafi wa mtu mwingine. Mkutano wa mwaka 1988 uliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake, mradi aahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake hao angali hai. Fundisho la mke mmoja lilibaki. Kilichoondolewa ni ukatili uliokuwa umeshikamana nalo, na kiliondolewa kwa sababu maaskofu waliowaona wanawake hao walikataa kunyamaza.

Najua swali linalosubiriwa ni la ndoa za jinsia moja, ambalo limewagawa Waanglikana tangu 2003, na ambalo maaskofu Wakatoliki wa Afrika walilitolea tamko Januari 2024, baada ya Roma kuruhusu baraka fulani kwa wenzi wa jinsia moja mwezi uliotangulia. Mimi bado nashikilia fundisho la zamani. Lakini nawaambia wenzangu wa upande huu kwamba hatuwezi kulitetea kwa kusema hatujawahi kubadilika, na wa upande wa pili kwamba hawatanishawishi kwa kusema dunia imeshasonga mbele.

Ningependa ndugu aliyefungua mjadala kwa aya ya Malaki ajibu jambo moja kabla hatujaendelea: uamuzi wa Vienne kuhusu riba anauweka wapi, kwenye fundisho lisilogeuka au kwenye kosa lililosahihishwa?