Wachora ramani, upenu wa paa mnaupeleka wapi?

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa saiti na nimekasirika, lugha ikiteleza mnisamehe.

Nyumba ya kawaida, vyumba 3, paa la mgongo, bati. Ramani ya chini inaonyesha upenu wa mm 600 kuzunguka nyumba nzima, mistari ya kukatakata, safi kabisa. Tukasimamisha nguzo za mnara wa tenki la maji mm 700 kutoka ukutani, kama ramani ilivyosema. Zege likakauka, tofali zikapanda, tukafika kwenye kenchi. Fundi paa anafungua mchoro wa mkato (unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa wima): upenu mm 900! Michoro ya sura za nje nayo 900. Yaani nguzo mbili za zege zimeingia ndani ya paa, na hapo gata bado.

Nikampigia kijana aliyechora. Ananijibu kwa upole: "Bosi, mteja aliomba upenu uongezwe, nikabadilisha kwenye modeli," yaani ile nyumba nzima aliyoijenga kwenye kompyuta. Na ramani ya chini je? Kimya. Kumbe ile mistari aliichora mwenyewe juu ya karatasi, mistari mitupu, haijui kama kuna paa. Paa limehama, mistari imebaki palepale kama mchumba aliyeachwa stendi.

Sasa ndugu zangu, mnatutoza bei ya Revit, programu ya kuchora majengo kwa modeli, halafu mnaitumia kama penseli? Paa halionekani kwenye ramani ya chini kwa sababu ramani hiyo kwa kawaida inakatwa mm 1200 kutoka sakafuni na kutazama chini, na paa liko juu ya mkato. Sawa. Ndiyo maana kuna Underlay, mpangilio wa kuonyesha leveli nyingine ndani ya ramani unayoitazama. Weka leveli ya paa pale, kingo zitokee kwa rangi hafifu. Chukua Linework (zana ya kubadilisha aina ya mstari), chagua mstari wa Overhead (wa vitu vilivyo juu ya mkato), gusa ukingo mmoja mmoja, kisha rudisha Underlay kwenye None, yaani izime. Basi! Mistari hiyo imeshikamana na paa lenyewe, ukiuvuta upenu hadi 900 nayo inakwenda. Ukifuta paa ukachora jingine itapotea, hapo rudia, ndiyo kazi yako.

Afadhali hata wale wasiouchora kabisa, maana fundi angeuliza. Huyu kanichorea uongo wenye vipimo. (Na msiniambie "jenga paa la kuficha mkuu", sijaomba ushauri wa mitindo.)

Mwenye nyumba anataka kujua nani analipa kuvunja nguzo. Kijana anasema ningelinganisha karatasi zote kabla ya kumwaga zege. Kweli sikulinganisha, nakiri. Lakini nimlipe mchoraji, halafu kazi yake niikague mimi?

Picha naweka jioni, simu imebaki chaji asilimia 6.