Parker wa jazi na Parker wa mafumbo ya namba ni mtu mmoja?

nota_saba
Wakuu naombeni msaada. Mi ni mtu wa jazi, Parker ninayemjua ni Charlie Parker wa saksafoni basi. Sasa juzi naingia kwenye grupu la mafumbo ya namba nakuta mtu kaleta jibu, wenzake wanamcheka "huo ni mraba wa Parker", wote wameelewa isipokuwa mimi. Ndo huyohuyo au? Maana anavyokimbiza nota ukiniambia alikuwa mkali wa hesabu pia nitakubali tu.

tisa_kwa_tisa
Majina yamegongana tu mkuu. Charlie kafariki 1955 New York akiwa na miaka 34. Huyu wa namba ni Matt Parker, Mwaustralia anayeishi Uingereza, kazaliwa 1980, alikuwa mwalimu wa hesabu akahamia kwenye uchekeshaji na video.

Si unajua mraba wa ajabu, 3x3, ukijumlisha kulala, wima na mshazari jibu ni lilelile (ule wa 1 hadi 9 unatoa 15). Sasa kuna watu wakorofi wakauliza je kila namba ikiwa kipeo cha pili (namba mara yenyewe, kama 5x5=25), na zote tofauti? Mpaka leo hakuna aliyeupata wala aliyethibitisha kwamba hauwezekani. 2016 Matt akatokea Numberphile, chaneli ya hesabu ya YouTube, na huu:

841 – 1 – 2209
1681 – 1369 – 1
529 – 1681 – 841

kalamu_mbovu
Nimejumlisha hapa, 3051 kila mahali, nikasema jamaa kaua. Kufika mshazari wa pili, 2209+1369+529, inakuja 4107 😂 halafu 1, 841 na 1681 zote zimejirudia. Ndo maana kitu kikikaribia kikagoma wanakiita cha Parker.

nota_saba
Dah, kumbe huku Parker ni kuchemka! Kwetu ni kinyume kabisa, Charlie 1953 alipanda jukwaani Toronto na saksafoni ya plastiki na bado watu wanausikiliza mziki ule mpaka leo. Kwa hiyo mtu akisema nimepiga solo ya Parker nishukuru au ninune?

besi_nzito
Muulize kwanza anatoka kundi gani. Hata kwenye jazi kwenyewe akina Parker wako kibao, kuna Leo wa saksafoni ya baritoni, kuna Evan wa Uingereza, Maceo wa James Brown naye anapitapita, ila ukisema Parker tupu ni Charlie hakuna mjadala.

tisa_kwa_tisa
Ila msimwonee sana Matt, hiyo kitu ni ngumu kweli. Ya 4x4 mwanahisabati Euler alishamtumia mwenzake Lagrange 1770 huko. Ya 3x3 mwanahisabati Andrew Bremner alipata vipeo vya pili saba kati ya namba tisa, jumla 541875 pande zote, hapo ndo pakawa mwisho. Tatizo ni namba ya katikati, mistari minne inapita kwake, kwa hiyo inabidi iwe na jozi nne za vipeo vya pili zinazoachana nayo sawasawa juu na chini. 25 ina jozi moja, 1 na 49 (zote ziko 24 mbali nayo). Ukienda 625 unapata 25 na 1225, halafu 289 na 961. Mbili tu, na hata ukipata zote nne bado lazima mistari ya pembeni nayo ikubali.