Bustani ya mtaa Tabora: tukague nini kikaoni?

Mkazi: Wakuu, manispaa inaleta mchoro wa bustani kwenye mkutano wa mtaa. Tukague nini?

Mpimaji: Ramani ya mipango miji iliyoidhinishwa. Kiwanja kiwe kimeandikwa eneo la wazi, la sivyo vibanda vitaingia. Muhtasari wa kikao usainiwe.

Bwana miti: Msikubali miche ipandwe Juni, kiangazi kitaiua. Subirini mvua zikolee, Desemba. Shimo sentimita 60 kwa 60. Udongo wa juu uchanganywe na debe la samadi iliyooza, maana mbichi huunguza mizizi. Miembe iachane mita 10. Na mchwa jamani! Kagueni mashina kila wiki.

Mkazi: Maji je?

Mpimaji: Maji yaje kwanza, mabenchi baadaye. Bomba na mlipaji wa bili viandikwe kwenye bajeti.