Radi moja, ng'ombe 11

Mama Zawadi: Mmeisikia habari ya leo? Radi imeua ng'ombe 11 kwa mpigo, walikuwa wamejikinga mvua chini ya mti. Kijana aliyekuwa akiwachunga kapona, na alikuwa hapo hapo.

Mjomba Hamisi: 11 wafe na mchungaji asipate hata mchubuko? Hapo kuna mkono wa mtu.

Neema: Shikamoo Mjomba. Mkono haumo, angalia miguu 😂

Mjomba Hamisi: Marahaba. Miguu imefanyaje tena?

Neema: Radi ikipiga mti haiishii mtini. Umeme unashuka na kusambaa ardhini, na volti inapungua kadiri unavyokwenda mbali na shina. Sasa ng'ombe aliyeelekeza kichwa mtini, miguu yake ya mbele imekanyaga volti kubwa, ya nyuma imekanyaga ndogo. Umeme unapanda mbele, unakatiza kifuani, unatokea nyuma. Moyo uko njiani.

Baba Juma: Na mtu je?

Neema: Sisi miguu imekaribiana, kwa hiyo tofauti ya volti ni ndogo. Tena ukipanda mguu huu unashukia mguu ule, moyo mara nyingi unaukwepa. Ila ukikimbia kwa hatua ndefu umejiongezea balaa mwenyewe.

Mjomba Hamisi: Kumbe si lazima uuguse mti.

Neema: Wala. Agosti 2016 kule Hardangervidda, Norwei, dhoruba moja iliua kulungu 323 wa nchi za baridi. Walikuwa wamesongamana, kama wanyama wafanyavyo wakiogopa.

Mama Zawadi: 323! Mimi ngurumo ikianza tu nazima simu.

Neema: Shangazi, simu ya mkononi haivuti radi. Ila kama iko kwenye chaji chomoa, umeme unaweza kukufuata kwa waya.

Baba Juma: Bora kukaa kwenye gari, matairi ya mpira yanakinga.

Neema: Gari sawa, matairi hapana. Kitu kimekatiza kilomita kadhaa za hewa, kitashindwa na tairi? Kinachokinga ni bodi ya chuma, umeme unapita kwa nje. Funga vioo, usishike chuma.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti, 0:09

Mama Zawadi: Kwa msio na bando: Mama anasema radi haipigi mahali pamoja mara mbili, ule mti sasa ni salama.

Neema: Bibi yangu, jengo la Empire State la New York hupigwa kama mara 20 kwa mwaka. Na Roy Sullivan, askari wa hifadhi kule Marekani, alipigwa mara 7 kati ya 1942 na 1977. Zote alipona.

Mjomba Hamisi: Mara 7? Huyo sasa ndiye mwenye mkono wa mtu.

Juma: Huku kumeanza. Tuko uwanjani, nimehesabu sekunde 6 toka mwanga hadi ngurumo.

Neema: Gawa kwa 3, ni kilomita 2. Iko karibu sana, ingieni ndani wote. Msisimame chini ya mti.

Juma: Kocha anasema dakika 5 tu zimebaki

Baba Juma: Juma, mwache kocha na dakika zake. INGIA NDANI.

Juma: Sekunde 3 sasa. Tunakimbia

Mjomba Hamisi: Hatua fupi!!

Mama Zawadi: Juma?

Mama Zawadi: Juma jibu

Juma: Nipo ndani, na kocha pia. Nilitaka kuchaji nikakumbuka. Betri 4%