Re: Re: Ualimu wa fizikia: faili langu limerudishwa

Wa Newala:
Shikamooni wakubwa. Bahasha imefika jana kutoka ofisi inayotambua vyeti vya walimu jimboni kwangu hapa Ujerumani. Faili limerudi zima. Wanasema transkripti ya BSc.Ed (digrii yangu ya ualimu wa sayansi) haitenganishi saa za fizikia na za hisabati, na BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, imeandikwa alama tu, bila muda wala shule. BTP nilifanyia Masasi. Amita zilikuwa mbovu, nikafundisha saketi kwa betri za tochi na nyaya nilizotoa kwenye redio iliyokufa, na watoto wakaelewa. Hayo transkripti haisemi. Swali: barua ya kufafanua masomo, chuo kinaituma huku moja kwa moja au lazima ndugu aende dirishani Dar?

Kaka wa Nachingwea:
Pole mdogo wangu. Peleka ZAB Bonn, ofisi inayopima vyeti vya nje, mimi walinipa tathmini bila shida.

Mama wa Shangani:
Kaka, usimpoteze mtoto wa watu. ZAB wanapima digrii. Ruhusa ya kufundisha shule ya serikali inatolewa na jimbo, na majimbo yako 16, kila moja na sheria zake. Wewe ni injinia, hukuhitaji hiyo ruhusa. Dada, angalia kwanza chuo chako kwenye Anabin, ile orodha ya mtandaoni ya vyuo vya nje. Na shukuru una masomo mawili, maana wa somo moja huambiwa akasome la pili.

Mwera wa Lindi:
Naomba niingize langu. Mdogo wangu kamaliza PCM (fizikia, kemia, hisabati), anataka ualimu wa fizikia. Aombe UDSM au aje huku?

Mama wa Shangani:
Akija huku, Lehramt, yaani masomo ya ualimu, ni Kijerumani mwanzo mwisho. Vyuo vingi vya serikali havina ada, ila Baden-Württemberg asiyetoka Ulaya analipa euro 1,500 kwa muhula. Akimaliza kuna Referendariat, mafunzo ya vitendo shuleni: jimbo la NRW miezi 18, Bavaria 24. Walimu wa fizikia wanatafutwa kweli, kazi haitamsumbua. Kinachowashinda wengi ni Sperrkonto, akaunti ya kuzuia pesa ya matumizi kwa ajili ya viza, euro 11,904 kwa mwaka.

Kaka wa Nachingwea:
Nyumbani nako si lelemama. Siku hizi hata mwalimu anafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira. Binamu yangu ana fizikia na kemia, anajitolea shule ya kata, anaishi kwa posho ya wazazi. Akiajiriwa, HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakata 15% ya mshahara. Halafu tunaambiwa walimu wa sayansi hawatoshi! Inaniuma sana.

Mwera wa Lindi:
Gesi ya Msimbati na Songo Songo inawasha taa Dar, shule zetu maabara hazina hata amita. Mwaka 2013 kwenye vurugu za bomba la gesi Mtwara watu waliumia kwa kuuliza haya haya.

Mama wa Shangani:
Siasa fungueni uzi mwingine. Dada anauliza barua.

Kaka wa Nachingwea:
Si siasa, mama, ni watoto wetu. Wa Newala, ukienda likizo tuletee ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, hata iliyokauka. Nimeota naila na chumvi na pilipili.

Mwera wa Lindi:
Sperrkonto hiyo kwetu ni korosho tu. Mnada wa kwanza ukifunguliwa Oktoba, mwenye bei ya Tandahimba aiweke hapa siku hiyo hiyo. Mzee ameshapulizia salfa, na mambo ya mdogo wangu yote yanategemea hapo.